Kitabu cha kumi na mbili: duka la vitabu lisilo na kibao

Duka lenyewe halina kibao. Liko Mji Mkongwe wa Unguja, ndani ya uchochoro ambao pikipiki hupita kwa kuomba, na mlango wake ni ule mfupi unaokuinamisha kichwa. Wateja tunasema "kwa kijana wa vitabu", anayejua anajua. Mimi nakaa Wete, Limbani, kwa hivyo mlango ule nimeuinamia mara nne tu. Mengine yote baina yetu hupita kwa simu na kwa boti. Huu ni mwaka wa tano nanunua kwake, na kwa kuwa watu wawili watatu hapa Pemba wameniuliza kama anaaminika, nasema ninavyomjua, kwa uzuri na kwa ubaya.

Kwanza mumjue anayepima. Nilikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia karafuu, miaka 38. Kazi yangu ilikuwa kulitazama gunia la mtu, kutia mkono mpaka katikati, kunusa, kuvunja punje moja kwa kucha, kisha kumwambia daraja ambayo hataipenda. Karafuu iliyoanikwa ikakauka huvunjika tak! Yenye maji hupinda. Kilo tatu za mbichi hutoa kama kilo moja ya kavu, na kila mwenye gunia angependa umlipe na zile mbili zilizokwenda na jua. Tabia hiyo haijanitoka. Kitabu nacho nakinusa kabla sijakifungua, na mke wangu keshachoka kuniona.

Kusoma nako nimekusomea kituoni. Msimu ukipamba moto hakuna kusoma, magari yamepangana mpaka barabarani na kila mtu anataka kuwahi. Lakini mikarafuu ina mwaka wa neema na mwaka wa kujikunja, na mwaka wa kujikunja karani hukaa na mizani yake kama mfiwa. Hapo ndipo nilipokuwa nikisoma. Stakabadhi zilizoharibika zilikuwa na mgongo mweupe, nikaanza kuandika huko nyuma: jina la kitabu, siku nilipoanza, siku nilipomaliza, na neno moja. Neno moja tu. "Kikavu." "Kibichi." "Makonyo." Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Si takataka, huuzwa, na kiwanda cha Wawi huyakamua mafuta. Ila mtu haleti makonyo akayaita karafuu. Kuna vitabu vya namna hiyo, na vina jalada zuri kuliko vyote.

Tangu 1979 nasoma vitabu 12 kwa mwaka, havizidi. Watu wakisikia mtu kasoma maisha yake yote hudhani ni mia kwa mwaka. Mimi kitabu nakisoma mara mbili, ya kwanza kujua kilichotokea, ya pili kujua kimesemwa vipi, na wa kunikimbiza simwoni. Ramadhani haimo katika hesabu. Mwezi ule ni juzuu moja kwa siku pamoja na tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ile iliyotoka 1969, ambayo mgongo wake nimeushona mara mbili kwa uzi wa mshipi. Riwaya zote hufungiwa kabatini. Mwaka wangu wa kusoma huanza Mfungo Mosi, siku ya tatu ya Idi, watoto wakishamaliza kuzunguka kwa sikukuu na nyumba ikitulia.

Kwa hivyo mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani, naandika orodha na kumpelekea kijana wa vitabu. Orodha ina vitabu 11. Cha kumi na mbili namwachia achague yeye, na sharti ni moja: nitakilipia hata nikikichukia. Kijana hakuelewa mwanzo. "Mzee wangu, sasa mimi nitajuaje unachokipenda?" Nikamwambia hilo ndilo duka. Vitabu 11 ninavyovitaka naweza kumtuma mtu yeyote anayepanda boti. Muuzaji anayestahili jina lake nitamjua kwa kile nisichokiagiza.

Mwaka wa kwanza akaniletea kitabu cha kutajirika. Nina miaka mingi, nina pensheni, nina mikarafuu 14 ya urithi tunayogawana ndugu tisa, na kijana ananiletea kitabu cha kutajirika kwa siku 90. Nilikisoma chote, ahadi ni ahadi. Daftarini niliandika "Makonyo" nikapiga mstari chini.

Mwaka wa pili alinifunga mdomo. Lazima mjue kwanza mzigo wake anaupata wapi. Sehemu ni vitabu vya skuli na riwaya za Kiswahili anazoleta kutoka Dar es Salaam, vipya hivyo. Sehemu ni vya watu waliofariki, warithi wanaita mtu achukue maboksi. Na sehemu kubwa, ile iliyojaa upande wa kushoto mpaka darini, ni vitabu vya watalii. Mgeni anasoma ufukweni Nungwi au Paje, akimaliza anakiacha chumbani, na wanaosafisha vyumba huvikusanya kwenye viroba na kumuuzia. Ndiyo maana utakuta rafu nzima ya Kitaliano ambayo hakuna anayeigusa, kila kimoja shilingi 2,000, na ukikikung'uta unamwaga mchanga.

Humo akanitolea kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki, cha Kiingereza, chenye picha za rangi na mchanga wa kutosha kuchanganyia saruji. Nikacheka. Nikakifungua nikitafuta kunguru. Kumbe humo mna ndege wanne walioandikwa kwamba hawapatikani popote duniani ila kisiwa cha Pemba: ninga wa kijani, chozi, bundi mdogo, na yule mdogo mwenye duara jeupe machoni. Wanne! Nimekaa miaka yote chini ya mikarafuu nikisikia bundi yule usiku, nikimwombea dua mgonjwa wa jirani kwa kuwa bundi kalia, na sikujua kwamba mtu anapanda ndege ya masaa kumi kuja kumsikia huyo huyo. Nilimchukua mjukuu wangu tukaenda msitu wa Ngezi na kitabu mkononi. Bundi hatukumwona. Ninga tulimwona. Niliandika "Kikavu", na nikaongeza shilingi 3,000 juu ya bei, jambo ambalo sijapata kulifanya katika ununuzi wa kitu chochote.

Wa tatu na wa nne si wa kutaja.

Sasa mzigo wa mwaka huu, ambao ndio hasa nimekusudia. Ulishuka bandari ya Mkoani, huku kwetu Pemba, siku ya mwisho kabla ya Idi, na kwa miaka hii Mfungo Mosi unaangukia kwenye mvua za masika, kwa hivyo nilijua nitapokea vitabu na maji. Nilikwenda mwenyewe, siku hizo simwamini mtu. Boti ilichelewa. Nilikaa gatini na nakala yangu ya *Kuli* ya Adam Shafi, ile ya 1979, ambayo ninaisoma kila baada ya miaka michache na kila mara naisomea gatini ikiwezekana. Ni kisa cha Rashidi, mchukuzi wa bandarini Unguja, na mgomo wa 1948. Huku nasoma, huku wachukuzi wa leo wananipigia kelele nisogeze miguu. Sijui starehe nyingine ya kulinganisha na hiyo.

Boksi lilikuwa limefungwa vizuri. Hapo nampa haki yake. Karatasi ya nailoni tabaka mbili, gazeti kati ya kitabu na kitabu, kamba ya katani iliyofungwa msalaba, jina langu limeandikwa kwa kalamu nzito pande tatu. Mwaka wa pili alitumia kiroba kitupu na nilimwambia maneno. Gharama ya kusafirisha ilikuwa 5,000, nauli yangu kwenda na kurudi siihesabu, hilo ni la ukaidi wangu.

Nyumbani nililipima. Najua mtacheka. Mizani ya kuning'iniza bado ninayo. Vitabu bila boksi vilikuwa kilo 3 na gramu 460. Nikavipanga wima juu ya meza, kurasa zimeachiana, dirisha wazi na pazia chini. Usivitie juani, gundi hukauka ikapasuka na mgongo ukaachia. Baada ya siku nane nikapima tena: kilo 3 na gramu 410. Nilimtumia kijana ujumbe: "Nimenunua gramu 50 za maji kwa bei ya fasihi." Akanijibu kwa sauti, anacheka mpaka anakohoa, "Babu, hayo maji ni zawadi ya Idi." Jibu zuri. Bei hakupunguza.

Kabatini natia konzi ya karafuu kila rafu na nabadilisha kila msimu. Wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokula gundi hawazipendi. Mchwa hawajali karafuu wala dua. Nakala yangu ya pili ya *Utengano* waliila kutoka chini kwenda juu, wakaacha jalada limesimama kama mlango wa nyumba iliyobomoka.

Na hapa linakuja la kwanza ninalomlaumu. *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed nilimwagiza kwa sababu hiyo. Sikai mwaka bila kusoma kitabu kimoja cha mtu huyu. Ni wa kwetu, kazaliwa Pemba 1947, na nilipokisoma kitabu kile mara ya kwanza, 1981, gari la magunia lilisubiri nje robo saa kwa ajili ya Maimuna na baba yake, yule Bwana Maksuudi anayemfungia bintiye ndani na mwenyewe akatoka kufanya ayafanyayo. Kijana akaniletea nakala ya zamani, safi, bei 8,000. Nikaifungua. Ndani mna mhuri wa buluu wa maktaba ya skuli, na nambari.

Nikampigia. "Hiki kimeuzwa au kimeibiwa?"

"Mzee wangu, kimekuja na kiroba."

"Kiroba hakina miguu."

Akanyamaza. Kisha akasema skuli huvitupa vya zamani vikija vya mtaala mpya, na yeye hana namna ya kujua. Huenda ni kweli. Lakini mhuri wa kufuta haumo, na mtu aliyepokea magunia miaka 38 anajua jibu la mwenye gunia ambaye hataki kuulizwa linatoka wapi. Kitabu nimekipeleka skuli hiyo, ambayo sitaitaja. Mwalimu aliyekipokea alinitazama kama nimemletea kesi. Hela zangu 8,000 sikudai. Ningependa tu aweke utaratibu: chenye mhuri kiulizwe kabla hakijapangwa rafuni.

La pili. Kimoja katika mzigo kilikuwa riwaya ya upelelezi, kitabu kipya kabisa, kimechapwa juzi, wino bado unanukia. Jina naliacha, kosa si la mwandishi. Nilifika ukurasa wa 96, mtu kapatikana kafa stoo, mlango umefungwa kwa ndani. Nikahamisha macho kulia. Ukurasa wa 113. Mlango uko wazi na watu wanakula biriani.

Nilikiinua nikatazama mgongo. Vitabu hivi havifungwi karatasi moja moja. Karatasi kubwa huchapwa pande zote, ikakunjwa mpaka ikatoa kurasa 16, na mikunjo hiyo ndiyo hupangwa ikatiwa gundi. Ukigawa utaona: mkunjo wa saba huanzia 97 na kwishia 112. Mkunjo mzima haukutiwa. Anayepanga aliruka mmoja, labda alikuwa anaongea na mwenzake, na mimi sikujua mlango ule ulifunguliwa vipi.

Mnielewe kwa nini liliniuma. Riwaya yangu ya kwanza maishani ilikuwa *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Mohammed Said Abdulla, ile ya mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Mwalimu aliniazima 1970, nina miaka 13, akanipa usiku mitatu. Nilisomea koroboi chini ya uvungu wa kitanda, nikaunguza ukingo wa mkeka, na mama alinipiga kwa ajili ya mkeka, kitabu hakukigusa. Umeme wa kuaminika Pemba tumeupata 2010, ulipofika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla yake tulikuwa na majenereta ya Wesha, na jenereta likikohoa kisiwa kizima kinajua. Kwa hivyo nusu ya vitabu vyangu nimevisoma kwa mafuta ya taa. Sikuwahi kukosa mwisho wa kisa kwa ajili ya giza, nije nikose katikati kwa ajili ya gundi?

Hapa ndipo kijana aliponirudisha. Nilimpigia Jumamosi usiku. Asubuhi ya Jumapili alikuwa keshatafuta nakala nyingine dukani, kaikuta nzima, kaipiga picha kurasa zote 16 na kunitumia. Hakusema "utaletewa boti ijayo". Hakusema "wasiliana na wachapaji". Mjukuu wangu alizipeleka steshenari, zikachapwa kwa shilingi 200 kila moja, nikazikata, nikazikunja, nikazishona mahali pake kwa sindano ya kanga na uzi mweupe. Kitabu sasa ni kinene kidogo tumboni, lakini mlango ule umefunguka. Nilimwomba anirudishie 3,200 za steshenari. Alizirudisha pamoja na ada ya kutuma.

Isipokuwa ukurasa wa 104. Hapo dole gumba lake limefunika mistari mitano ya chini. Nimemkumbusha mara tatu. Kila mara anasema, "Inshallah kesho."

Sasa kitabu cha kumi na mbili. Kilikuwa chini kabisa ya boksi, kimefungwa peke yake kwa karatasi ya kaki, na juu kaandika: "Hiki hukitaki. Kisome mwisho." Nikafungua. *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah.

Ni kweli sikukitaka. Nina sheria ya zamani, siagizi riwaya ya tafsiri, kwa kuwa nilizozipata ujanani nyingi zilinuka kamusi. Mtu anagombana na mkewe kwa lugha ya hati ya mahakama. Na huyu Gurnah mwenyewe tulikuwa hatumjui. Kazaliwa Unguja 1948, akaondoka kijana kwenda Uingereza, akaandika kwa Kiingereza. Mwaka 2021 alipopata Nobel, barazani kwetu watu saba tulijivunia mpaka magharibi, na aliyekuwa amemsoma hakuwemo hata mmoja. Mimi nimo katika saba.

Niliviweka vingine mbele. Masika yakaisha, kusi ikaanza kuvuma, *Peponi* kiko juu ya kabati. Mke wangu akakisoma kabla yangu. Siku moja nilimkuta jikoni, mchuzi unashika chini, kitabu kiko mkononi. Hajapata kuunguza mchuzi kwa ajili ya kitabu. Siku hiyo nikakishusha.

Kimeandikwa kwa Kiingereza 1994, na tafsiri ni ya Ida Hadjivayanis, imetolewa na Mkuki na Nyota 2022. Ni mtoto Yusuf, ana miaka 12 hivi, anachukuliwa na tajiri ambaye yeye anamdhania ami yake, kumbe ni deni la baba linalipwa kwa mtoto. Halafu misafara ya bara, Wajerumani wanaingia, na bustani yenye ukuta. Nilikuwa nangoja kunusa kamusi. Sikuinusa. Watu wale mazungumzo yao yalikuwa ya Kiswahili tangu mwanzo, ni kwamba tu yalipitia Uingereza, na bibi huyu kayapokea gatini akayabeba mpaka nyumbani. Mahali pawili patatu nimetia pembeni kwa penseli neno ambalo Pemba tungelitumia. Hayo ni maringo yangu.

Nilipofika pale mtoto anapofahamishwa kwamba yule si ami yake, nilikumbuka kwamba katika daftari la kijana wa vitabu mimi mwenyewe nadaiwa 18,000, tangu Shaaban. Nililipa asubuhi yake. Daftarini mwangu nimeandika "Kikavu", na nimeivunja sheria: mwaka ujao katika 11 vyangu kutakuwa na tafsiri moja, kijana aniagizie cha pili cha Gurnah kama kipo kwa Kiswahili.

Kwa wanaotaka kununua: vipya ni kati ya 15,000 na 25,000, vya mitumba 3,000 hadi 10,000, vya Kitaliano mnavijua. Anafungua saa nne asubuhi, anafunga adhuhuri, anarudi alasiri mpaka karibu na magharibi. Ijumaa mchana msimsumbue. Anapokea hela kwa simu na anakopesha anayemjua. Kitabu chochote fungua hapo hapo na uhesabu kurasa. Ukiona mhuri, uliza. Kwa wa Pemba, msitume mtu kuchukua mzigo wakati wa mvua.

Kwa kipimo changu, pishi ni vibaba vinne. Nampa vibaba vitatu, na cha nne nimekishika mkononi. Atakayepita pale wiki hii amwambie yule mzee wa Limbani bado anasubiri ukurasa wa 104.